Darasa la Wifi

Kishada hakuwahi kumwona mama yake amekaa ukumbini akimtazama akicheza. Na Kishada alikuwa ametumia nusu ya umri wake jukwaani. Wasiomjua kwa sura walimjua kwa mgongo, maana bango la onyesho lake la kwanza lilimwonyesha kwa nyuma, mikono imefunguka kama anataka kupaa, na jina hilo la Kishada likamganda tangu siku hiyo. Kila onyesho jipya lilipokaribia alimpelekea mama tiketi, na kila mara mama alikuwa na sababu: kichwa kinagonga, mvua inanuka, nguo ya mteja haijaisha. Alikuwa mshonaji, na nguo za wateja haziishi. Alipoiacha cherehani, sababu zilibaki zile zile, kasoro mteja.

"Ni kuruka-ruka tu," alikuwa akiwaambia majirani, bila ubaya wowote. "Lakini anajilisha."

Kishada alikuwa amezoea. Angalau ndivyo alivyojiambia.

Basi Jumapili moja alikwenda kwa kaka yake, ambako mama aliishi tangu alipoteleza bafuni akavunjika nyonga na kufanyiwa upasuaji. Alipoingia alisikia vigelegele vya watoto kutoka jikoni. Akachungulia. Fimbo ya mama ilikuwa imeegemezwa ukutani. Mama mwenyewe alikuwa ameshika friji kwa mkono mmoja, mwingine kiunoni, anasukuma nyonga kushoto, anairudisha kulia, na wale wajukuu zake pacha wanampigia makofi kama wamelipwa.

"Mama! Daktari amekuruhusu hayo?"

"Daktari si alisema nitembee? Ndiyo natembea hivyo."

"Nani kakufundisha?"

"Nani tena? Mkwe wangu. Ana darasa pale ukumbi wa mtaa kila Alhamisi, wazee watupu. Ina maana hukujua?"

Kishada hakujua. Wifi yake, mke wa kaka, alitoka ua wa nyuma na beseni la nguo, akasikia maneno ya mwisho, akasimama hapo hapo mlangoni. Majirani walimwita Mama Pacha.

"Wifi, nilitaka kukwambia," alisema. "Nikaona haya. Mbele yako mimi najua nini?"

"Hongera," Kishada alisema. Neno lenyewe lilitoka kama mwiba wa samaki.

Miaka mingi nyuma, Mama Pacha alikuwa mwanafunzi wake. Alikuja darasani kwa hamu kubwa na sikio bovu; muziki ukienda huku, yeye yuko kule. Siku moja Kishada, akiwa amechoka, alimwambia mbele ya wenzake, "Dada, una miguu ya mtu anayetafuta kandambili gizani." Darasa zima liliangua kicheko. Na yeye alicheka. Wiki iliyofuata hakurudi. Aliporudi kwenye maisha ya Kishada, alikuwa mchumba wa kaka yake. Kaka huyo alikuwa akija pale mlangoni mwa darasa kumsubiri dada yake, kumbe macho yalikuwa kwa mwanafunzi.

Chakula kilipoandaliwa, mama hakuwa na hadithi nyingine. Mkwe wangu alisema hivi, mkwe wangu alituchezesha vile. Kaka akatafuna na kutikisa kichwa kwa fahari. Kishada aliongeza maji kwenye bilauri ambayo tayari ilikuwa imejaa.

Kilichomuuma ni kwamba kufundisha watu kucheza ndiyo kazi yake. Si jukwaa tu. Asubuhi alifanya mazoezi ya maonyesho yake katika chumba alichokodi juu ya karakana ya makochi, mahali panaponuka gundi mpaka nywele zinanuka. Mchana alifundisha watoto humo humo. Na mara moja kwa wiki alikwenda wodi ya hospitali, kwa watu waliopooza upande mmoja, akawachezesha wakiwa wamekaa vitini: bega kwanza, kisha kiwiko, kisha vidole kimoja kimoja, taratibu, mpaka mkono uliolala ukumbuke kuwa ni mkono. Watu walimsifu kwa hilo. Waliandika kumhusu kwamba anapeleka dansi kwa wasioweza kuifuata. Na kumbe mtu mmoja ambaye hakuweza kumfikia, mtu aliyemzaa, amefikiwa na mwenye miguu ya kandambili.

Alhamisi alijipa shughuli karibu na ukumbi wa mtaa. Shughuli yenyewe hakuwa nayo. Akasimama nje, kwenye dirisha la vioo vya kufungua na kufunga ambalo nusu ya vioo vyake vimeng'oka, akatazama ndani.

Viti vya plastiki vilikuwa vimesogezwa ukutani, na meza ya tenisi imekunjwa pembeni. Mzee mmoja mwembamba, ambaye wote walimwita Fundi Redio, alikuwa akihangaika na spika aliyoiunda mwenyewe, inayokohoa kabla ya kuimba. Mama Pacha alisimama katikati na kanga yake kiunoni. Hakuhesabu mapigo. Alikuwa akipiga kelele tu.

"Tunafua! Haya, tunafua! Kamua! Sasa tunaanika, kamba iko juu, nyoosha! Mvua hiyo inakuja, anua, anua, anua!"

Na wazee wakaanua. Wengine kwa haraka, wengine baada ya mvua kuisha, wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Kishada alianza kuhesabu makosa. Hawakupasha misuli joto. Magoti yamekazwa. Yule bibi mwenye kilemba anapinda mgongo kutoka mahali pasipopaswa. Hakuna anayepumua inavyotakiwa. Aliyahesabu kwa utulivu, kama mtu anayepanga vyombo, mpaka macho yake yalipomfikia mama.

Mama alikuwa analowa jasho. Mikono iko juu, ananyakua nguo zisizoonekana kutoka kwenye kamba isiyoonekana, na mdomo uko wazi kwa kicheko. Alipomaliza aligeuka kumtafuta Mama Pacha kwa macho: umeniona? Nimefanya vizuri? Mama Pacha akampigia saluti. Na mama akajaa furaha usoni, kama mtoto aliyewekewa alama ya vema.

Kishada aliujua mtazamo ule. Yeye mwenyewe alikuwa akimtazama mama yake hivyo tangu akiwa mdogo, na hakuna aliyempigia saluti. Aliondoka dirishani kabla hajaonekana.

Kwenye lango alimkuta msimamizi wa ukumbi, bwana mpole anayependa kuonekana ana shughuli. Alimfurahia sana.

"Aa, msanii wetu! Umekuja kumwona wifi yako? Wazee wanampenda hao, acha tu. Wewe mtaalamu unaonaje?"

Angeweza kusema ni vizuri. Angeweza kusema sijui, nimepita tu. Alivuta pumzi.

"Nasema kwa nia njema," alisema. "Wale watu mifupa yao ni ya kioo. Mama yangu mwenyewe ana chuma kwenye nyonga. Wifi hana mafunzo. Siku mtu akivunjika hapa, watakuuliza wewe."

Bwana yule alibadilika rangi. Hilo la kuulizwa ndilo lililomchoma.

"Sasa tufanyeje?"

"Mimi ninaweza kujitolea," Kishada alisema.

Na hakuwa amedanganya hata neno moja. Ndiyo maana njiani kurudi alijiambia amefanya jambo la busara. Alijiambia hivyo mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa jambo la busara.

Alhamisi iliyofuata alifundisha yeye. Alifika mapema, akafagia sakafu kwa mkono wake, akapanga viti kwa duara. Wazee waliingia na kumwamkia kwa heshima zote, na akawaongoza sawasawa: kupumua, kupeleka uzito mguu mmoja hadi mwingine, kuzungusha bega, kupinda goti bila kuliumiza. Yalikuwa masomo mazuri. Hospitali angepongezwa kwa masomo kama yale. Hapa alikuwa na watu waliokaa kama wanangoja kuitwa na daktari. Na kila mlango ulipolia aligeuka, lakini mama hakutokea.

Walipomaliza, Fundi Redio alikunja waya wake polepole.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Leo hatukucheka. Ndiyo mtaala ulivyo, au spika yangu imekukera?"

"Spika haina neno, baba."

"Basi ni mtaala," alisema, akaondoka.

Wiki iliyofuata walikuja wachache. Iliyofuata tena, wachache zaidi, na yule bibi mwenye kilemba alikuja kuuliza tu kama Mama Pacha anaumwa. Mama yake hakuja hata mara moja. Kishada alimpigia simu; mama akasema mguu unauma, tena kwa ufupi, kama anayeongea na mtu aliyekosea namba.

Onyesho lake jipya lilikuwa linakaribia, na mazoezi yakawa hayaendi. Alikuwa akisimama mbele ya kioo akijiona anafanya kila kitu sawasawa, na hakuna kitu. Ndivyo alivyokuwa siku Mama Pacha alipopanda ngazi za karakana, anapenga kamasi kwa ile gundi, na kusimama mlangoni na viatu mkononi. Hata baada ya miaka yote hiyo alikumbuka kwamba sakafu ile haikanyagwi na viatu.

"Karibu, wifi."

"Sikai. Nina ombi." Mama Pacha alitazama chini. "Wameninyang'anya darasa. Msimamizi anasema ni amri, sina mafunzo. Sawa, kweli sina, na nikasikia umepewa wewe, nikashukuru, angalau limebaki nyumbani. Lakini Mama hatoki kitandani, wifi. Nikimwambia twende kwa Kishada, anageukia ukutani. Wewe pale wanakusikiliza. Niombee. Hata niwe msaidizi wako tu, nipange viti, ili Mama aje."

Kishada alikuwa na nafasi ya kukiri pale pale. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Alitazama miguu ya wifi yake, mipana, vidole vimetawanyika kwenye sakafu, akahisi uso wake unawaka.

"Nitaona," alisema.

"Ahsante, dada yangu. Mungu akuzidishie."

Ile dua ilimwandama. Alijaribu kurudi kwenye mazoezi, akashindwa kuinua hata mkono. Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa kaka yake. Mama Pacha alikuwa amewapeleka watoto kunyolewa, na kaka yuko kazini. Mama alikuwa peke yake chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda na shuka mapajani, anapiga pindo kwa mkono.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Umekuja kunipimia nyonga?"

Kishada alikaa kwenye kiti. Mama alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Nilikwenda kwa yule msimamizi, wiki ile ile darasa lilipochukuliwa," mama alisema. "Na fimbo yangu, taratibu, nikamfuata mpaka ofisini. Nikamuuliza, mwanangu, nani amekwambia tutavunjika? Akajiumauma, mwisho akasema. Amekutaja kwa sifa, eti unamjali mama yako."

"Mama, kwa kweli hana mafunzo. Ile migongo..."

"Na wewe nani alikutuma kuitazama migongo kupitia dirishani, kama mwizi wa sufuria?"

Kumbe Kishada alionekana siku ile.

"Mkwe wangu hajui," mama alisema. "Sijamwambia. Hilo ni lako, mimi silibebi."

Ndipo Kishada alipopasuka. Alikuwa amekuja kuomba radhi, na kilichotoka ni kingine kabisa.

"Kwake unakwenda kila Alhamisi! Kwangu hukuja hata mara moja! Maisha yangu yote, Mama. Watu wanakuja kutoka miji mingine kunitazama. Wewe kichwa kinauma, wewe mvua. Halafu yeye anawafulisha nguo za hewa, unacheza mpaka jasho. Mimi ninafanya kazi hii tangu nikiwa msichana. Yeye ana nini?"

Sauti yake ilikuwa ya mtoto, na aliisikia. Mama aliweka sindano juu ya shuka, akaipapasa isipotee.

"Nilikuja," alisema.

"Lini?"

"Zamani. Ile ya kwanza, ya bango. Nililipa mwenyewe mlangoni usijue, nikakaa nyuma kabisa. Nilishona gauni jipya kwa ajili ya siku ile." Alitazama mikono yake. "Taa zikazima. Ukatoka. Ulikuwa mzuri, mwanangu, nikataka kumgusa jirani nimwambie huyo wangu. Halafu ukaanza kujiangusha. Unainuka, unajiangusha. Nasikia mifupa yako inagonga ubao, pa! Unainuka tena, pa! Na watu wanapiga makofi. Mtu mzima pembeni yangu anasema, safi sana. Mimi nimekulea nakushika mkono usianguke, halafu nikae nipige makofi? Nikatoka. Nilisimama nje mpaka nilipoona watu wanatoka na wewe unacheka na wenzako, nikajua uko mzima, nikaenda nyumbani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Ungeacha?"

"Hapana."

"Basi."

Kishada alitaka kueleza kwamba kuna namna ya kuanguka, kwamba mwili unafundishwa kuligawa lile pigo la sakafu, paja, nyonga, bega, hauumii. Aliona kuwa hilo si alilokuwa akiulizwa.

"Kwa mkwe wangu mimi sitazami," mama alisema baadaye, kwa upole. "Mimi nacheza. Hana kitu anachokuzidi. Ni mtu wa nyumbani, ananichekesha, na mguu unasahau. Ndiyo hivyo tu. Wewe umekuwa ukiniletea tiketi ya kukaa."

Kishada alilia kidogo. Mama hakumbembeleza, ila alimsogezea pembe ya shuka afutie uso.

Kesho yake alikwenda kwa msimamizi akamwambia alikosea. Bwana yule hakutaka kusikia. Alikwisha kutoa taarifa kwa wakubwa, ataonekana hana msimamo. Ilibidi Kishada aahidi kumpa Mama Pacha mafunzo ya kulinda viungo yeye mwenyewe, na kuwepo ukumbini kila Alhamisi mpaka msimamizi aridhike. Hapo bwana akavuta pumzi na kupiga muhuri.

Lililobaki ndilo lililokuwa gumu. Mama Pacha alikuwa akipiga pasi sare za watoto aliposikia habari kwamba darasa limerudi. Alitupa mikono juu, akamkumbatia Kishada na pasi ingali mkononi, nusura amchome.

"Ngoja, wifi. Usinishukuru. Mimi ndiye niliyelitoa."

"Kulitoa vipi?"

Alimweleza. Alikuwa amejiandalia maneno mazuri, ya usalama na ya mifupa, lakini aliyaacha. "Nilikuona na Mama, nikashikwa na wivu," alisema. "Nikaenda kukusema."

Mama Pacha alirudi kwenye meza yake. Alipiga pasi kola ya shati moja upande huu, akaigeuza, akaipiga upande wa pili. Mvuke ulipanda. Alichukua muda mrefu kwa kola ndogo kama ile.

"Nilipanda ngazi zile nikakuomba uniombee," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Ukaniambia utaona."

"Ndiyo."

"Nikakuombea dua."

"Ndiyo," Kishada alisema.

"Yale ya kandambili nilikusamehe," Mama Pacha alisema, "kwa sababu yalikuwa kweli, na yalichekesha. Haya hayachekeshi." Alitundika shati. "Sitamwambia mume wangu. Si kwa ajili yako. Nataka nile chakula changu cha Jumapili kwa amani. Alhamisi njoo mapema, upange viti."

Alhamisi alipanga viti. Aliwaonyesha wazee namna ya kulegeza magoti, kwa muda mfupi tu, kisha Mama Pacha akampokonya nafasi na kuanza kelele zake za kufukuza mbuzi kwenye mchicha. Habari zilikuwa zimeenea, wote wamerudi, na spika ya Fundi Redio ilikohoa kwa fahari. Mama alikuja na gauni la maua. Alimwitikia Kishada salamu vizuri, akampa mkoba wake amshikie, halafu akaenda kusimama mbele, karibu na mkwe wake.

Walipoambiwa wachague wenza, Kishada alipiga hatua moja kuelekea kwa mama. Mama Pacha aliiona ile hatua.

"Wewe na bibi wa kilemba," alisema. "Mama ni wa Fundi Redio leo."

Bibi wa kilemba alikuwa mzito, tena mbishi. Alimshika Kishada viganja vyote viwili na kumburuta upande usio wake, akamkanyaga, akamwambia aangalie anapoweka miguu. Upande wa pili wa ukumbi Mama Pacha alisema kitu ambacho Kishada hakukisikia, na mama akacheka mpaka akajishika kifuani. Kile kisu kidogo cha wivu kilimpita Kishada mbavuni, kama kawaida yake. Alingoja kipite. Hakikupita chote.

"Unazubaa, binti," bibi alisema. "Muziki huo."

"Samahani, bibi. Tuanze upya."

"Tusianze upya. Twende hivi hivi."

Wakaenda hivi hivi.